Antena ya shaba inaweza kuwaka? Jibu kwa fundi wa Katuba

Fundi mmoja kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayetengeneza telefone na kufunga parabole (sahani za televisheni ya satelaiti) kwenye nyumba za watu, ameniandikia hivi:

"Jambo Mwalimu. Shuleni tulifundishwa kwamba nuru na mawimbi ya redio ni kitu kimoja, tofauti ni frikwensi tu. Sasa nikichukua antena ya FM, nikapandisha frikwensi, nikazidi kupandisha, kuna mahali nitafika antena ianze kuwaka kama taa? Kama ndiyo, mbona hatuna taa za namna hiyo? Nilimuuliza mwalimu wangu wa zamani, akasema haiwezekani, antena ni ya redio na taa ni ya nuru. Pia nauliza: antena haiwezi kushika nuru ya jua ikatupatia umeme, badala ya kununua paneli?"

Ndugu yangu mdogo, jibu fupi ni ndiyo. Antena inaweza kutoa nuru, hata ile inayoonekana kwa macho, na watu wamekwisha kuzitengeneza. Jibu ulilopewa zamani halikuwa sahihi, na ninasema hivyo waziwazi kwa sababu majibu ya aina hiyo yamezima maswali mengi mazuri katika madarasa yetu. Ila ile njia uliyoiwaza, ya kushika kitufe cha frikwensi na kukizungusha mpaka shaba ing'ae, inakatika kabla ya kufika. Nataka tuifuate mpaka pale inapokatika, maana hapo ndipo utakapoelewa taa, jua, LED na hata shaba yenyewe.

Tuanze na urefu, jambo unalolijua kuliko mimi. Wimbi linakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa frikwensi, unapata urefu wa wimbi. Stesheni ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, na ndiyo sababu antena yake nzuri ina mita 1.5, yaani nusu ya wimbi. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5. Satelaiti za televisheni hutuma karibu na gigahezi 12, wimbi la sentimita 2.5. Ukifungua kichwa cha parabole, kile kinachokaa mbele ya sahani, utaona ndani ya mdomo wake visindano viwili vilivyowekwa kwa pembe mraba, kila kimoja kina milimita 6 hivi, robo ya wimbi. Antena yenyewe ni vile visindano. Sahani kubwa unayoihangaikia kuilenga ni kioo tu, kinachokusanya na kurudisha.

Sasa panda mpaka kwenye nuru. Rangi ya kijani ina frikwensi ya terahezi 540 hivi (terahezi moja ni gigahezi elfu), mara milioni 5.4 ya ile stesheni ya FM. Punguza antena ya mita 1.5 kwa kiasi hichohicho, unabaki na kijiti cha nanomita 278 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita, na mikromita ni nanomita elfu). Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo vijiti kama 250 vingepangwa kichwa kwa mkia ndani ya unene wa unywele mmoja. Zamani hapo tungefunga mazungumzo. Leo mashine zinazochonga kwa mwale wa elektroni au wa ioni zinatengeneza vijiti vya dhahabu vya kipimo hicho, na vifupi zaidi, bila shida kubwa. Kwa upande wa umbo, basi, swali lako lina jibu tayari.

Kizuizi cha kwanza kiko kwingine. Antena haizalishi frikwensi. Inaletewa mkondo unaokwenda na kurudi, nayo inaugeuza kuwa wimbi. Kwenye transmita yako mkondo huo unatoka kwenye transista, na transista ni mlango unaofunguka na kufungwa kwa kupitisha elektroni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mzunguko mmoja wa nuru ya kijani unadumu femtosekunde 1.85, na femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Elektroni inayokimbia kilomita 1,000 kwa sekunde, ambayo ni mbio kubwa ndani ya kifaa cha namna hii, itakwenda chini ya nanomita 2 katika muda huo. Ni kama atomi 7 za shaba zilizopangwa mstari. Kabla haijavuka mlango, amri imekwisha kubadilika. Amplifaya ya transista iliyofikia terahezi 1 ilionyeshwa Marekani mwaka 2014, na ilikuwa kazi ya miaka mingi ya wahandisi hodari. Kutoka hapo mpaka kijani bado mara 540.

Na tuseme kwa miujiza umepata jenereta ya namna hiyo. Utaipelekaje nguvu kwenye antena? Kebo yako ya parabole inabeba ishara mita 30 bila kulalamika. Wimbi la nuru linalotembea juu ya waya mwembamba wa dhahabu hufifia ndani ya mikromita chache. Jenereta ingebidi ikae palepale, ndani ya antena yenyewe. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Kizuizi cha pili ni metali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa Lubumbashi tunaishi juu ya jibu lake.

Ndani ya shaba kuna elektroni zisizofungwa na atomi yoyote, zinatembea huru. Kwenye frikwensi za redio, uwanja wa umeme ukibadili upande, elektroni hizo zinafuata palepale, ndiyo maana tunaichukulia shaba kama njia safi isiyo na kikwazo. Lakini elektroni ina uzito wake, hata uwe mdogo vipi. Mtu anayesukuma pusupusu (mkokoteni) iliyojaa magunia ya makala, yaani makaa, akiambiwa aende mbele na nyuma polepole, ataweza. Akiambiwa abadili upande mara 10 kwa sekunde, atatetemesha mikono tu na mzigo hautasogea. Kwenye terahezi mamia, elektroni za shaba ziko katika hali hiyo. Zinachelewa. Kwa kuwa zinachelewa, wimbi linaingia ndani ya metali badala ya kukaa juu ya ngozi yake, na mwendo wake kwenye kijiti unapungua. Ndiyo sababu antena za nuru zinakatwa fupi kuliko hesabu yako ya nusu wimbi: kijiti cha dhahabu cha nanomita mia moja na kitu kinatosha kwa nuru nyekundu ya mwisho kabisa, wakati hesabu ya kawaida ingedai 350. Fundi anayehesabu kwa fomula ya FM atatengeneza antena inayosikiliza rangi nyingine kabisa.

Kuna jambo la pili, nalo unaweza kuliona kwa macho yako. Chukua kipande cha waya wa shaba, uvue plastiki, ukwangue vizuri kwa wembe mpaka shaba mpya itokee, kisha ukiangalie kwenye mwanga wa mchana. Mji wetu unayeyusha shaba tangu 1911, lakini ni wachache wanaouliza kwa nini ni nyekundu wakati alumini na fedha ni nyeupe. Ndani ya shaba, chini ya zile elektroni huru, kuna nyingine zilizofungwa kwa atomi zao. Hizo zinahitaji nguvu ya elektronivolti 2.1 hivi ili ziruke juu (elektronivolti moja ni nguvu inayoipata elektroni moja ikisukumwa na volti moja). Nuru nyekundu haina nguvu hiyo, kwa hiyo shaba inairudisha karibu yote. Nuru ya kijani na ya bluu inayo, na zaidi ya theluthi yake humezwa na kuwa joto. Unachokiona ni masalio: nyekundu imerudi nzima, nyingine zimerudi pungufu.

Soma rangi hiyo kama fundi. Inakuambia kwamba shaba ni antena nzuri tangu FM, kupitia Wi-Fi na parabole, kupitia infraredi (nuru isiyoonekana iliyo chini ya nyekundu), mpaka nyekundu, halafu karibu na rangi ya machungwa inaanza kumeza kile inachotakiwa kukitoa. Dhahabu ina mpaka wa namna hiyohiyo, ila uko juu kidogo, elektronivolti 2.4 hivi, kwa hiyo dhahabu ni ya manjano. Fedha haimezi namna hiyo mpaka uingie kwenye urujuani usioonekana, kwa hiyo ni nyeupe. Anayetaka antena ya nuru ya bluu ataacha shaba na dhahabu, atachukua fedha au alumini. Fedha ndiyo bora, lakini salfa kidogo tu ya hewani huifanya nyeusi, na kijiti cha nanomita 100 hakina nyama ya kupoteza.

Kwa hiyo kitufe chako kinakwama mara mbili: hakuna wa kuitikisa antena kwa mwendo huo, na shaba yenyewe inaanza kula nguvu. Lakini jiulize sasa: kama ni vigumu hivyo, nuru inayojaa dunia inatoka wapi? Inatoka kwenye chaji zinazotikiswa, sawasawa na redio. Anayetikisa ndiye anayebadilika.

Wa kwanza ni joto. Shaba inayeyuka kwenye digrii 1,085, na aliyewahi kuiona ikimiminwa anajua inavyong'aa. Kinachong'aa pale ni elektroni na atomi zinazotikiswa na joto, kila moja kwa wakati wake, kila moja kwa upande wake. Ni antena bilioni za mabilioni zisizo na kiongozi. Taa ya filamenti ni hiyohiyo: waya wa tungsteni kwenye digrii 2,400 au zaidi kidogo, unatoa frikwensi zote kwa pamoja, sehemu kubwa ikiwa infraredi tusiyoiona, ndiyo maana inaunguza mkono kuliko inavyoangaza meza. Kwa hiyo waya wa taa ile ya zamani umekuwa ukikujibu ndiyo tangu utoto wako: metali inayotoa nuru kwa sababu chaji zake zinatikiswa.

Na usidhani joto linatoa nuru peke yake. Linatoa redio pia. Wewe unalijua hilo kazini: mwezi Machi na mwezi Septemba, karibu na siku ambazo usiku na mchana vinalingana, wateja wanapiga simu kwamba picha imepotea kwa dakika chache mchana, kisha imerudi yenyewe. Jua limepita nyuma ya satelaiti, likaangaza moja kwa moja kwenye parabole, na kwenye gigahezi 12 kelele yake inaifunika ishara. Jua hilohilo, joto hilohilo, linakuangazia macho na kukuharibia picha kwa wakati mmoja. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba nuru na redio ni jamaa moja, na unaupata bila kuingia maabara.

Wa pili ni atomi. Jioni, makala yanapoanza kushika kwenye mbabula (jiko la makaa) na miali midogo ya bluu inacheza juu yake, nyunyiza chumvi kidogo ya jikoni. Mwali unageuka manjano palepale. (Fanya hivyo nje. Ile bluu ni monoksidi ya kaboni inayoungua, na isiyoungua inaua watu ndani ya nyumba zilizofungwa.) Manjano ile ni ya atomi za sodiamu, wimbi la nanomita 589. Joto la mwali linaipandisha elektroni ya nje ya atomi, nayo inaposhuka, chaji ya atomi inakwenda na kurudi kwa terahezi 509 na kutoa wimbi. Ni antena, tena ndogo mno: upana wa atomi haufiki hata nanomita moja, wakati wimbi lina 589. Wewe unajua adhabu ya antena fupi kupita kiasi. Inatoa kidogo, inabaki na nguvu ndani. Atomi nayo inalipa adhabu hiyohiyo: inachukua nanosekunde 16 kwa wastani kuimaliza nguvu yake. Kwetu huo ni muda usiohesabika, lakini kwa kipimo cha wimbi lenyewe ni mizunguko milioni 8. Ndiyo sababu wanafizikia wanapenda kuweka kijiti cha dhahabu au fedha karibu na molekuli inayotoa nuru: kijiti kina urefu unaofaa, kinapokea mtikisiko wa molekuli na kuurusha nje haraka zaidi. Mwanafizikia Edward Purcell alieleza mwaka 1946 kwamba mazingira yanaweza kuharakisha utoaji huo, na yeye alikuwa akifikiria frikwensi za redio.

Wa tatu ni LED, naye ndiye ninayetaka umpime mwenyewe, kwa sababu vifaa unavyo mezani. Weka multimita kwenye alama ya diodi. Gusa miguu ya LED nyekundu: itawaka kidogo sana na kioo kitaonyesha volti 1.6 hadi 1.8 hivi. Gusa LED ya rimoti ya televisheni, ile ya infraredi isiyoonekana ila kwa kamera ya telefone: utapata karibu na 1. Gusa ya bluu: multimita nyingi za bei ndogo zitashindwa kabisa, kwa sababu inataka karibu na volti 3 nazo hazitoi hizo. Kadiri frikwensi ya nuru inavyopanda, ndivyo volti inavyopanda. Si bahati. Nuru inatolewa kwa vipande, fotoni, na kila fotoni ina nguvu inayolingana na frikwensi yake. Nyekundu inataka kama elektronivolti 1.9, kijani 2.3, bluu 2.8. Elektroni moja ikishuka ngazi moja ndani ya LED, inatoa fotoni moja.

Ona kilichotokea hapo. Betri inatoa mkondo ulionyooka, hauendi na kurudi hata kidogo, na bado nuru ya terahezi mamia imetoka. Hakuna osileta ya kutoa mdundo, hakuna transista ya kukimbia. Kwenye FM fotoni moja ina nguvu ndogo mno, sehemu ya milioni ya elektronivolti haifiki, ndiyo maana antena yako inatoa fotoni nyingi kiasi kwamba huzioni kama vipande, unaona wimbi laini. Kwenye nuru, kila kipande ni kizito kuliko mtikisiko wa joto la chumba mara karibu mia, na kinahesabika kimoja kimoja. Tunapanda frikwensi, na katikati ya njia sheria ya malipo inabadilika. Mhandisi wa redio anasukuma elektroni zote pamoja kwa mdundo mmoja. Kwenye nuru, mara nyingi unaipa elektroni moja mporomoko wa volti 2 au 3, na kuiacha ishuke.

Na sasa rudi kwenye lile neno: jenereta ikae ndani ya antena. Mwaka 1976 wanafizikia John Lambe na S. L. McCarthy walionyesha kwamba ukitenga metali mbili kwa utando wa kihami mwembamba sana, ukaweka volti chache, nuru hafifu inatoka. Elektroni haziruki juu ya utando, zinapenya kwa sheria za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, na chache kati yake zinapoteza nguvu njiani kwa kuitikisa metali, kisha metali inarusha fotoni. Mpaka wake unaufahamu tayari kutoka kwenye LED: volti 2 haziwezi kutoa fotoni ya zaidi ya elektronivolti 2. Ukitaka rangi ya juu, ongeza volti.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, waliunganisha wazo hilo na antena ya kweli. Vijiti viwili vya dhahabu, karibu kugusana, pengo kati yao likiwa kama nanomita 1, na nyaya nyembamba za kuleta volti za kawaida zilizonyooka. Umbo ni lile la dipoli unayolifahamu: mikono miwili na sehemu ya kulishia katikati. Elektroni zinapenya pengo, mtikisiko unaingia kwenye mikono, na urefu wa mikono ndio unaochagua rangi. Mwaka 2020 kundi hilohilo lilitengeneza antena ya Yagi-Uda ya namna hiyo, yenye virejeshi na vielekezi, ikarusha infraredi upande mmoja zaidi ya mwingine. Ni muundo uleule wa samaki na miiba yake uliokuwa juu ya paa za Lubumbashi kabla ya parabole, uliobuniwa Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi mwaka 1926. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwa dhati. Sheria ambazo fundi wa Katuba anazitumia kupanga vyuma juu ya paa zinafanya kazi pia kwenye kitu ambacho darubini ya kawaida haikioni vizuri.

Umeuliza kwa nini basi hatuna taa hizo. Kwa sababu elektroni nyingi mno zinapenya bila kutoa kitu. Moja kati ya elfu kadhaa ikitoa fotoni inayotoka nje, hiyo ni antena nzuri. Nyingine zote zinaishia joto ndani ya dhahabu. LED za leo zinageuza sehemu kubwa ya elektroni zake kuwa fotoni. Kwa kuangaza nyumba, sitegemei kwamba antena za metali zitaishinda LED, wala sioni sababu ya kulazimisha. Mahali pake ni kwingine: ndani ya chipu, ambako nuru inaweza kubeba habari kati ya sehemu na sehemu, na kwenye kupima molekuli chache za kitu. Hapo udogo ndio faida.

Kuna watu watakaokuambia wameona ncha ya antena kubwa ya redio ikitoa mwanga wa zambarau usiku. Waamini, lakini usichanganye. Uwanja wa umeme kwenye ncha kali ukizidi, hewa inapasuka, na nitrojeni ya hewa ndiyo inayowaka. Mjini kwetu, kwenye mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani na inapasuka mapema zaidi. Ni dalili ya nguvu inayopotea, na mhandisi mzuri anaweka kirungu cha duara kwenye ncha ili kuizuia.

Limebaki swali la jua. Kupokea ni njia ileile kinyumenyume: antena ndogo inashika nuru, diodi inanyoosha mkondo, unapata umeme wa betri. Kwa mawimbi ya redio hilo linafanyika vizuri. Kwa nuru, mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walilifanya kwa mirija ya kaboni iliyosimama kama majani, kila mmoja na diodi yake nchani. Ilifanya kazi, lakini ilitoa chini sana ya asilimia 1 ya nguvu ya jua iliyoingia. Diodi ya kunyoosha terahezi 540 ndiyo shida, ni ndugu wa shida ya transista. Tena jua halitumi wimbi moja lililopangwa. Linatikisika ovyo, na ukichukua sehemu mbili zilizoachana zaidi ya mikromita 50 hivi, mawimbi yake hayaendi tena pamoja, kwa hiyo huwezi kuunganisha antena nyingi zikawa kama moja kubwa, jinsi unavyofanya na redio. Paneli inapita shida hizo zote kwa kuhesabu fotoni moja moja, ni LED iliyogeuzwa, na ya kawaida sokoni inakupa karibu asilimia 20. Kwa umeme wa nyumbani nunua paneli.

Parabole yako ya zamani, hata hivyo, usiitupe. Umewahi kujiuliza kwa nini sahani inapakwa rangi isiyong'aa? Kwa wimbi la sentimita 2.5 ukwaru mdogo wa rangi hiyo haupo kabisa, sahani ni kioo safi. Kwa nuru ya nusu mikromita ni milima na mabonde, inatawanyika kila upande, na hiyo ndiyo inayokiokoa kichwa cha parabole kisiyeyuke jua linapolingana nacho. Ondoa kichwa, bandika karatasi ya alumini iliyonyooshwa vizuri, na sahani ya sentimita 90 itakusanya zaidi ya wati 400 za jua la saa sita mahali pamoja. Sufuria ndogo nyeusi ikikaa pale, maji yanachemka. Vaa miwani ya giza ya wachomeleaji, usiweke jicho wala mkono mbele yake, na ukimaliza igeuze ielekee chini, maana watoto wa uwanjani hawataambiwa na mtu kwamba inaunguza.